Radhi ya Mama Koti

Jina la Mama Koti nililitoa mimi, na sikulitoa kwa upendo. Sasa watu wanamwita nalo kwa furaha, hata watoto wa jirani zake, na kila nikilisikia nainamisha uso nikatazama viatu vyangu. Wahenga walisema uso umeumbwa na haya. Wangu uliumbwa na haya kidogo sana, zilizobaki nimeziongeza ukubwani.

Kabla ya jina hilo alikuwa mfuaji wa shuka hospitalini. Kazi hiyo aliianza akiwa na miaka ishirini na miwili, na nilipomjua alikuwa na hamsini na mmoja. Chumba cha kufulia kiko nyuma kabisa, ukishapita jiko na stoo ya dawa. Kuna mashine mbili kubwa, moja ya kufua na moja ya kukamua, na hiyo ya kukamua haimalizi mwezi bila kuugua. Ikigoma, shuka hukamuliwa kwa mikono: wanawake wawili wanashika ncha mbili, mmoja anasokota kulia, mwenzake kushoto, hadi maji yaishe. Yeye ni mfupi, mabega membamba, ukimwona njiani utadhani upepo utamchukua. Lakini ukimpa mkono kumsalimu, unarudishiwa ukiwa umekufa ganzi. Wenzake walikuwa wanakwepa kukamua naye, kwa sababu akishaanza kusokota, wa upande wa pili anajikuta amesimama kwa vidole vya miguu.

Mumewe alifariki mapema, akamwachia mabinti wawili. Aliwalea kwa shuka hizo hizo. Mkubwa ameolewa, mdogo anasomea ualimu. Ukimuuliza aliwezaje, anasema, "Niliwafua, nikawaanika, wakakauka." Halafu anacheka peke yake, kabla wewe hujaamua kama ni utani.

Mimi ni fundi cherehani. Miaka ishirini na saba niko kwenye kitambaa. Jioni tatu kwa wiki nilikuwa nafundisha judo katika ukumbi wa shule ya chekechea, ambako kwanza tunabeba viti vidogo kuvipanga ukutani, kisha tunatandika magodoro chini ya picha za herufi na wanyama. Judo nilifundishwa ujanani na mwanajeshi mstaafu, mtu mkali, ambaye somo lake lote lilikuwa sentensi moja: mshike kotini, mengine yatakuja yenyewe. Kwa judo ni kweli kabisa. Unashika koti la mwenzako kifuani na mkononi, unamvuta uzito wake uhamie mguu mmoja, huo mguu unaupiga ngwala, na yeye anakwenda chini.

Makoti ya wanafunzi nilishona mwenyewe, kwa kitambaa kizito cha pamba, na mabegani nilipitisha mshono mara tatu. Nilijivuna nayo kuliko nilivyojivunia mkanda wangu mweusi. Nilikuwa napenda kuwaambia wageni, "Vuteni mtakavyo. Koti langu halichaniki."

Mwaka ule wanafunzi walipungua. Vijana walikuwa wanakimbilia mchezo mwingine, wenye kelele zaidi. Mke wangu, ambaye hushona vifungo na kusema ukweli, vyote kwa kasi moja, alinishauri niwafundishe watu kujilinda mitaani, maana hicho ndicho wanachokihitaji. Nikaona ni wazo zuri. Nikachukua rangi, nikaongeza maneno kwenye kibao: JUDO NA KUJILINDA. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu yote ya kugeuza mchezo wa zamani uwe kinga ya mtu wa leo. Nilichobadilisha ni kibao.

Yule mfuaji alikuja kwa sababu ya kibao hicho. Kutoka chumba cha kufulia hadi barabarani kuna njia nyembamba kati ya ukuta wa hospitali na karakana ya maseremala. Wenzake wawili walikuwa wamenyang'anywa mikoba hapo, mchana kweupe, wakati misumeno inalia na hakuna anayesikia mtu akipiga yowe. "Nimechoka kutembea na jiwe kwenye mkoba, Mwalimu," aliniambia siku ya kwanza. "Jiwe lenyewe linanivunja bega kabla sijamvunja mtu kichwa."

Alikuwa mwanafunzi wa kuringia. Hakukosa siku. Alitoka kazini mikono imenyauka kwa sabuni, akavaa koti langu, akaanguka na kuinuka kama wa miaka kumi na minane. Ngwala yake ilipofika miezi miwili ilikuwa safi kuliko ya vijana.

Jioni moja, tukiwa tumepumzika, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, nina swali. Hao wa kule njiani hawavai makoti. Wanavaa fulana, tena zimechakaa. Hapo nashika wapi?"

Lilikuwa swali la maana kuliko yote niliyowahi kuulizwa, na sikuwa na jibu. Mtu mwenye akili angesema, "Sijui, mama, tulitafute pamoja." Mimi nilikuwa na mkanda mweusi. Nikasema, "Basi mwambie asubiri kidogo, mama. Tembea na koti kwenye mkoba, akija, mvalishe kwanza."

Watu walivunjika mbavu. Kijana mmoja akadakia, "Mama Koti!" Nami badala ya kumkemea nikarudia, "Haya, Mama Koti, turudi kazini." Jina likashika. Naye alicheka pamoja nasi, nadhani kwa adabu. Swali hakulirudia.

Kwa hiyo nisemapo jina nililitoa mimi, maana yake ni hiyo. Aliniletea ukweli mkononi, nikaugeuza kichekesho, nikambandika usoni.

Miezi sita baadaye, siku ya Jumanne saa tisa alasiri, nilikuwa dukani napima suruali ya bwana harusi mmoja. Akaingia Mama Koti. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye plasta kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko, umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Nilimwacha bwana harusi na pini zake.

"Pole, mama! Imekuwaje?"

"Pole nimeshapoa, ni ya tangu Ijumaa," akasema. Akaketi. Kwa mkono wa kushoto akatoa mfukoni kitu kilichokunjwa, akakiweka juu ya meza ya kukatia. Kilikuwa mkono wa shati, mzima, kuanzia begani hadi kwenye pindo.

Akanisimulia. Kijana mmoja alimjia kwa mbele kule njiani, akakamata mkoba. Yeye hakuogopa hata kidogo, na hilo alilisema kwa mshangao. Alimshika kifuani kwa mkono mmoja, na mkono wa shati kwa mwingine, kama tulivyofanya mara elfu. Akavuta kwa nguvu zake zote. Akainua mguu apige ngwala. Wakati huo huo shati likaachia begani, na yeye, akiwa amesimama kwa mguu mmoja na uzito wote ameuegemeza kwenye kile kitambaa, akaenda chali kwenye ukingo wa mfereji. Mfupa wa kifundo cha mkono ulivunjika sehemu mbili. Kijana aliondoka na mkoba, na ndani yake miwani ya kusomea na kibakuli cha chakula, kitupu.

"Nimekuja kukuomba radhi, Mwalimu."

"Radhi ya nini?"

"Nimekuaibisha. Kule kazini wote wanajua nafundishwa na wewe. Sasa wanasema mafunzo yenyewe ndiyo hayo. Nimewaambia kosa ni langu. Nadhani hatua ya pili, ile ya kuvuta, niliichelewesha." Akanitazama, akisubiri. "Ndiyo hiyo, siyo? Hatua ya pili?"

Nilikuwa nimeshika ule mkono wa shati. Vidole vyangu huusoma mshono bila kuniuliza. Pamba nyepesi, imefuliwa hadi imekuwa kama karatasi. Uzi mmoja, mishono mirefu ya haraka ya kiwandani, ukingo haukushonwa. Shati la namna hiyo nikiletewa nilipunguze, namwonya mteja asinyooshe mikono sana. Hakuna hatua ya pili duniani, wala ya tatu, ambayo ingelizuia kuchanika. Nilijua hapo hapo, kabla hajafunga mdomo. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na aibu ya shati lile niliijua mimi fundi, peke yangu, nikiwa nimeishika mkononi.

Bwana harusi alikuwa anasikiliza.

"Ndiyo," nikasema. "Hatua ya pili. Lakini usijali, mama. Nimekusamehe."

Akashusha pumzi. Akanishukuru. Mwanamke aliyevunjika mkono kwa kufuata maneno yangu neno kwa neno alinishukuru, akatoka, akafunga mlango taratibu asinisumbue. Nimefanya mabaya mengine maishani, lakini hakuna linaloniamsha kama hilo.

Mke wangu alikuwa nyuma ya pazia na kopo lake la vifungo. Bwana harusi alipoondoka akatoka, akauchukua ule mkono wa shati, akauvuta kidogo kwa vidole viwili. Ukatoa sauti, ukachanika tena.

"Mshono huu," akasema, "ungechanika hata kwa kuulizwa hali."

Nikajitia hamnazo. Nikaanza kutafuta chaki.

"Fundi. Nakusemesha. Na yule mama wa watu umemsamehe?"

"Mteja alikuwepo, mke wangu. Ningesema nini mbele yake?"

"Kwa hiyo mteja ameondoka na suruali, wewe umebaki na nini?" Akaurudisha ule mkono wa shati mezani, akautandaza vizuri, kama nguo inayosubiri mwenyewe aje kuichukua. Hakusema tena. Heri angeendelea kunigombeza. Mkono ule wa shati ulikaa pale siku nne, nikikata vitambaa pembeni yake.

Siku ya pili yake alikuja muuguzi mkuu wa hospitali. Wauguzi wake walikuwa wametishika na habari ile, wengi wanapita njia hiyo hiyo. Alitaka niwafundishe Jumamosi, watu arobaini, katika ukumbi wao wa mikutano. Ila kwanza akaniuliza, kwa upole, mfuaji wetu kilimshinda nini?

Hapo nilikuwa na nafasi nyingine, ya bure, hakuna mteja wa kusingizia. Nikajisikia nikisema, "Umri, dada. Na hatua ya pili aliikosea kidogo."

Akaandika. Nikaona kalamu yake ikiandika neno *umri*.

Ijumaa nilifunga duka mapema nikaenda chumba cha kufulia. Nilijidanganya kwamba naenda kumjulia hali. Nilimkuta kwenye meza ya kukunjia, akikunja foronya kwa mkono mmoja na kidevu. Msimamizi alikuwa amempa kazi hiyo hadi plasta itoke, na alikuwa ameshamdokezea kwamba mkono usipopona sawasawa, hapo hakutakuwa na nafasi yake. Mashine ya kukamua ilikuwa imegoma tena. Wanawake wawili walikuwa wanahangaika na shuka, maji yanawamwagikia miguuni.

"Hamsokoti, mnabembeleza," akawaambia. Kisha akaniona. "Karibu, Mwalimu! Sina hata kiti cha kukupa."

Nikamwuliza kama atakuja kesho. Akasema atakuja kutazama tu, akae nyuma. Mafunzo ameamua kuacha. "Mambo ya vijana yale. Umri wangu mimi wa kukunja foronya." Lilikuwa neno langu lile lile. Lilikuwa limeshamfikia, nami sikuwa na haja ya kuuliza limepita wapi.

"Sijui kwa nini sikuuachia ule mkoba," akaendelea, akiwa bado anakunja. "Kibakuli kitupu! Ningeuachia nikakimbia, ningekuwa nimefika nyumbani. Lakini Mwalimu, miezi minane ulinifundisha kushika. Kuachia hatukufanya hata siku moja."

Hakulisema kwa lawama. Alikuwa analifikiria tu, kama mtu anayetafuta mahali alipoweka ufunguo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na magodoro yangu. Nikasema nina haraka.

Usiku huo sikulala vizuri, lakini sitajisifu kwa hilo, kukosa usingizi si toba. Kilichonitisha ni wale arobaini. Kesho ningewapanga wawili wawili, ningewavalisha makoti yangu yenye mishono mitatu, ningewafundisha kushika, na Jumatatu wangepita njia ile wakiwa hawaogopi. Yeye mwenyewe alisema hakuogopa hata kidogo.

Jumamosi asubuhi niliingia kwenye ule ukumbi na magodoro na gunia la makoti, gunia nikaliacha mlangoni bila kulifungua. Wauguzi walikuwa wamekaa, viatu wamevua. Yeye alikuwa mstari wa nyuma, mkono kifuani. Mke wangu alikuja pia, hakuniambia kama anakuja, akakaa karibu naye.

Nilikuwa nimevaa shati langu kuukuu la kupakia rangi. Nikamwita muuguzi wa mbele, binti mwembamba. "Shika hapa mkononi. Vuta kama unataka kuniangusha." Akavuta. Shati likachanika kutoka begani, binti akayumba nyuma, wenzake wakamdaka. Baadhi wakacheka.

"Msicheke," nikasema. "Mwenzenu alivunjika mkono hivi. Hakukosea hatua. Hakushindwa kwa umri. Mimi nilimfundisha kushika koti, na njiani hakuna makoti. Aliniuliza swali hilo mbele ya darasa, nikamgeuza mzaha, na jina mnalomwita ndilo mzaha wenyewe. Aliyekosea ni mimi."

Muuguzi mkuu alikuwa ananitazama kwa jicho ambalo nilistahili. Nilidhani nimemaliza. Nilijisikia hata nafuu fulani, ya kipumbavu, kama mtu aliyetapika.

Mama Koti akainuka, akaja mbele polepole kati ya viatu vya watu.

"Umemaliza, Mwalimu?"

"Nimemaliza, mama. Naomba unisamehe."

"Subiri. Hiyo yako bado hatujaifikia. Mimi Jumanne nilikuja dukani kwako, nikakuomba radhi. Ukaipokea."

"Ndiyo."

"Nirudishie."

Sikuelewa. Nikasema tena nisamehe. Akatikisa kichwa.

"Sikukuambia uniombe. Nimesema ile yangu nirudishie. Niliiomba mbele ya mtu, nikaenda nayo nyumbani, nikamwambia na mwanangu kwamba nilikosa nikasamehewa. Sasa nataka kujua. Nilipokuwa nakuomba, ulikuwa hujui, au ulikuwa unajua?"

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa anatazama dirisha.

Hilo ndilo nililokuwa nimelificha chini ya maungamo yangu mazuri. Mtu anaweza kufundisha vibaya kwa ujinga, na ujinga husameheka. Wote mle ndani walikuwa wanadhani nimeugundua ukweli juzi au jana.

"Nilijua," nikasema. Sauti ilitoka ndogo. "Niliushika ule mshono nikajua, wakati wewe bado unaongea. Nikakusamehe hivyo hivyo."

Muuguzi mmoja nyuma alisema, "Ah!" kama aliyechomwa sindano.

Midomo ya Mama Koti ilitetemeka kidogo, na nikaogopa atalia. Hakulia. Akavuta pumzi kwa pua.

"Hapo sasa," akasema. "Hiyo ndiyo yangu. Nimeipata."

Kisha akawageukia wauguzi. Akawaambia kwamba alipokuwa anakunja foronya wiki nzima amelifikiria lile swali lake mwenyewe, maana mwenye kujibu hakujibu. Kwanza, mkoba uachie, kimbia, mkoba si mtoto. Pili, asipokuacha ukakimbia, usishike nguo. Nguo huchanika, kifundo cha mkono hakichaniki. "Mnamwona Mwalimu? Mwalimu, njoo unishike shingo ya gauni."

Nikamshika. Kwa mkono wake wa kushoto, ule mzima, akanikamata kifundo, akakisokota kuelekea nje kama anakamua shuka. Nikajikuta nimesimama kwa vidole vya miguu, nikiwa bado sijafahamu maumivu yanatokea wapi. Ngwala ikapita chini yangu. Ilikuwa safi, hatua ya pili na zote. Nikaanguka kwa mgongo kwenye sakafu, kwa sababu kwa kiherehere changu cha kuungama nilikuwa nimesahau kutandika magodoro.

Ukumbi mzima ulipiga makofi. "Mama Koti, rudia! Mama Koti!"

Katika judo tuna desturi. Anayemwangusha mwenzake humpa mkono amwinue, kisha wanainamiana. Nililala pale nikiungoja mkono wake. Haukuja. Alikuwa ameshamwita yule binti mwembamba, anamwonyesha pa kuweka kidole gumba. Nikainuka mwenyewe, nikajipangusa, nikaenda kutandika magodoro.

Plasta ilitoka, mkono ukapona, ingawa anasema siku za baridi unamsema. Kazini alibaki. Sasa jioni tatu kwa wiki tunafundisha wawili, yeye ndiye anayeanza, na wanafunzi huja na fulana zao mbovu za nyumbani. Makoti nimeyatundika stoo. Nimeshamwomba radhi mara tatu. Kila mara ananijibu kwa upole kabisa kwamba amenisikia, na kwamba bado anaangalia kama ana nafasi.